Mwenye Mzigo Hasalimiwi

Ukimwona Abigail anavyoshuka garini jioni, utadhani ni gari lililokuwa limempanda yeye. Kwanza hutoka mguu mmoja, ukakaa chini kama unaosubiri habari. Kisha wa pili. Kisha mkono unashika mlango, na mwili unafuata ukiguna. Mimi humtazama kutoka roshani yangu ya juu, kikombe cha chai mkononi, nami si mtu wa kunyamaza.

"Mama Wamaitha, hao wazee wako unawatunza au unawabeba?"

Hunipungia mkono tu. Maneno yake huwa yameishia kazini.

Tunakaa jengo moja hapa Blacktown, kitongoji cha Sydney, yeye chini, mimi juu. Mimi ni mtu wa Mombasa, Kibokoni. Yeye ni Mkikuyu wa Nyeri, na Kiswahili chake kilichoka njiani kikipanda mlima, lakini tunaelewana vizuri kuliko ndugu wengi ninaowajua. Kazi yetu ni moja, kutunza wazee majumbani mwao. Tunawaosha, tunawavisha, tunawapa dawa, tunasikiliza habari za mbwa waliokufa zamani. Tofauti ni kwamba mimi nikimaliza nyumba zangu hurudi kwangu nikainua miguu. Yeye alfajiri yuko kwenye makao ya wazee, mchana yuko majumbani, na jioni nyingine hupanda treni kwenda mjini kusafisha ofisi za watu wanaofanya kazi wakiwa wamekaa. Mumewe, Kinuthia, ni dereva wa lori la masafa marefu. Huja kama mgeni, akala, akalala, akaondoka. Nyumba ni ya Abigail na bintiye Wamaitha, msichana wa kumi na saba anayeelewa kila neno unalomwambia na kukujibu kwa Kiingereza huku macho yake yako kwenye simu.

Niliwahi kumwambia apunguze. Shingo yake ilikuwa imeanza kumuuma, na daktari alishamkataza kuinua vitu vizito, kana kwamba wazee wanatengenezwa kwa pamba.

"Mama Jabir, nipunguze gani?" akaniuliza. "Ya asubuhi ndiyo rent. Ya mchana ndiyo shule ya huyu. Ya jioni ni ya watu wa nyumbani. Wewe chagua, mimi niache."

Sikuchagua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sikutaka kuwa mimi ninayeipa methali ile ushahidi.

Katika wazee wake wote, aliyempenda zaidi ni Mzee Alwyn wa Quakers Hill. Alikuwa mtu wa reli enzi zake, mjane, umri umepita tisini, mkali kama siki. Watunzaji watatu walishamkimbia kabla ya Abigail. Yeye alikaa. Sababu ya kukaa kwake, alikuja kuniambia baadaye, haikuwa mzee. Ilikuwa picha.

Ilitundikwa ukumbini, njia ya kwendea bafuni. Ni picha ya rangi za maji, kubwa kama meza ya kahawa, ndani ya kioo na fremu nene ya mbao nyeusi. Mzee alisema aliichora kaka wa nyanya yake, aliyekwenda kufanya kazi ya upimaji katika milima ya Himalaya, upande wa Darjeeling, na pembeni chini mliandikwa mwaka kwa wino: 1867. Siku ya kwanza Abigail alikuwa anamshika mzee mkono kumpeleka kuoga. Alipofika mbele ya ile picha akasimama, na mzee akasimama naye, akilalamika kwamba maji yanapoa.

Nilikuja kuiona kwa macho yangu baadaye, ilipokuwa si picha tena, kwa hiyo hapa namwamini Abigail. Nyuma kulikuwa na mlima wenye theluji, umejitokeza juu ya mawingu. Chini yake mashamba ya ngazi ngazi yaliyoshuka mpaka bondeni, mahindi yamesimama. Nyumba za nyasi, moshi unatokea kwenye paa lenyewe bila bomba, mbuzi, mtoto anayechunga mbuzi, kuku. Na mbele kabisa, upande wa kulia, mwanamke aliyefika kwenye mlango wa nyumba. Mgongoni ana mzigo wa kuni. Mzigo umeshikwa na mkanda uliopita juu ya paji la uso, na shingo imeinama, macho yanatazama miguu. Mlango uko wazi, ndani giza. Hakuna aliyetoka.

Sisi wa pwani tunabeba kichwani. Mimi ningepita pale nikaona kuni. Abigail alimwona mama yake.

Huko kwao Nyeri, mlima wa theluji huonekana asubuhi kabla ya mawingu kuufunika, na wanawake wa umri wa mama yake walibeba vivyo hivyo: kuni, maji, viazi, vyote mgongoni, mkanda wa ngozi kwenye paji. Wanauita mukwa. Mama yake, Nduta, alibeba tangu utoto mpaka mkanda ukamchimbia mfereji kichwani. "Unaweka kidole hapo, kinalala," Abigail aliniambia, akijishika paji lake mwenyewe, ambalo ni laini, kwa sababu Nduta alikataa mabinti zake wabebe hivyo. Aliwapeleka shule, mzigo akabaki nao yeye.

Na kulikuwa na sheria moja nyumbani mwa Nduta. Mwenye mzigo hasalimiwi. Akifika kutoka shambani husimama mlangoni, kimya, kichwa chini. Yeyote aliye ndani huacha alichoshika, hata kama ni ugali uko motoni, hupita nyuma yake na kumtua. Mkanda ukishatoka kwenye paji, na kichwa kikishainuka, ndipo watu wajuliane hali. Ukimsalimu kabla, hajibu, na jioni unaweza kukosa kiazi. Abigail alimhadithia Wamaitha habari hii mara nyingi hata mtoto akawa anaimalizia mwenyewe, akigeuza macho juu.

"Yeah, Mum. Hasalimiwi. I know."

Sasa nieleze kilichokuwa kinamkaba Abigail, maana bila hicho utaona ni mtu mzima anayelilia pambo la ukutani.

Wakikuyu wana mpango wao wa majina. Binti wa kwanza huitwa kwa mama wa baba, wa pili kwa mama wa mama. Abigail alipata mtoto mmoja tu, naye ni binti, kwa hiyo akaitwa Wamaitha, jina la mama yake Kinuthia. La Nduta likasubiri mtoto wa pili ambaye hakuja. Jina halikupata pa kukaa. Picha nayo haikuwepo. Nduta alipigwa picha mara moja maishani, ya kitambulisho, na alipofariki, ndugu yake Abigail, Gitonga, akakirudisha kitambulisho serikalini kama sheria inavyotaka. Hakuna aliyekumbuka kutoa nakala. Abigail alikuwa huku ng'ambo wakati huo, na Wamaitha alikuwa bado hajazaliwa.

"Aliniuliza akiwa mdogo," Abigail aliniambia siku moja tukianika nguo. "What did your mum look like? Nikaanza kumwambia, nikasimama. Mama Jabir, uso unanitoka. Miguu naikumbuka. Ule mfereji naukumbuka. Uso ukija, unakuja kama mtu ako nyuma ya moshi."

"Na huyo wa kwenye picha, uso wake unauona?"

"Hapana. Ameinama."

"Sasa?"

"Sasa huyo aliyechora pia hakumwona uso. Lakini alimwona vile alikuwa anasimama. Nataka Wamaitha aone hiyo tu. Mara moja."

Nikamshikia ncha ya shuka, tukaikung'uta pamoja.

Mzee Alwyn hakuwa mjinga. Alimwona anavyopunguza mwendo kila akipita pale, akamuuliza, akaambiwa. Siku ya pili akamwambia aishushe picha aende nayo. Hana mtoto, alisema, na mpwa wake hupenda vitu vya plastiki.

Hapa ndipo ningempiga Abigail kofi kama si heshima. Katika kazi yetu mtunzaji hapokei zawadi ya mteja. Sheria hiyo ina maana yake, maana wako waliowakamua wazee mpaka vijiko. Lakini mwanamke huyu, badala ya kusema asante, alipiga simu ofisini kuomba ruhusa. Msimamizi, msichana mwenye sauti ya kutabasamu, akamwambia kwa upole kwamba haiwezekani, na kwamba anashukuru sana kwa kuuliza. Kuipiga picha kwa simu je? Hairuhusiwi pia, kupiga picha ndani ya nyumba ya mteja.

"Nani alikutuma uulize?" nikamfokea. "Mimi ningeiviringisha ndani ya leso nikatoka nayo kama mtoto!"

"Ungefutwa."

"Ningefutwa nikiwa na picha!"

Akacheka kidogo, kisha akasema amechoka, akaenda kulala na nguo za kazi.

Miezi ikapita. Mzee akaanza kuanguka, mara jikoni, mara mlangoni, ikaamuliwa ahamie makao ya wazee, mbali huko pwani ya kaskazini karibu na mpwa wake. Nyumba itauzwa. Mpwa akaja na glavu za mpira kuanza kutoa vitu. Abigail alijua siku yake ya mwisho pale ni Alhamisi. Nilimwona asubuhi hiyo akienda kwa miguu, gari lake liko kwa fundi, na sikumtania. Alikuwa anatembea kama anayekwenda mazishini.

Sydney ina desturi yake ambayo wageni huipenda upesi. Ikifika zamu ya mtaa, watu hutoa makorokoro yao na kuyarundika kwenye majani mbele ya nyumba, lori la halmashauri lije kuzoa. Kabla lori halijafika, mpita njia huchukua atakacho. Kilicho kwenye majani hakina mwenyewe. Kabati langu la nguo lilitoka kwenye majani, na kochi la Abigail pia.

Alipofika Quakers Hill akakuta rundo mbele ya nyumba ya Mzee Alwyn: godoro, friji bovu, masanduku ya safari kuukuu. Na ile picha, imeegemezwa kwenye friji, uso umeelekea barabarani.

Aliingia ndani kwa hasira, anamtafuta mpwa. Mzee alikuwa ameketi kitandani na amevaa kofia, anamsubiri.

"Siwezi kukupa kitu," akamwambia. "Sheria zenu. Kwa hiyo nimekitupa. Ukitoka, tazama nje."

Abigail aliniambia kwamba pale alikaa kitandani kando yake, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mzee akamhimiza aende aichukue sasa hivi, kabla mtu hajapita. Akakataa. Atachukua kazi ikiisha. Akiwa ndani ya sare na saa za ofisi zinahesabika, alisema, itakuwa wizi wenye njia ndefu. Ndivyo alivyo. Ukitaka kumbadilisha anza na mlima wao ule.

Akampeleka kuoga, mara ya mwisho. Akamketisha kwenye kiti cha kuogea, akafungua maji, akampaka sabuni kichwani. Ndipo wakasikia paa linapigwa. Mvua ya Sydney ya kiangazi haibishi hodi. Upepo wa kusini hugeuka, anga hushuka, na kila kitu kilicho nje kimeshalowa kabla hujaukuta mwavuli.

"Nenda!" Mzee Alwyn akapiga kelele. "Ile ni rangi ya maji, mwanamke! Nenda!"

Mtu haachwi kwenye kiti cha kuogea. Hilo hatuambiwi na ofisi, tunalijua wenyewe. Mzee wa namna ile akiteleza na sabuni ni nyonga, na nyonga ni kaburi. Mpwa alikuwa ametoka kwenda kununua maboksi. Abigail alisimama pale, mkono mmoja begani kwa mzee, akisikiliza mvua. Mzee alikuwa anamtukana sasa, anamsukuma, machozi yanamtoka pamoja na povu. Abigail akamsuuza. Akamfuta katikati ya vidole, kama kawaida, akamvisha shati, akafunga vifungo. Mpwa akarudi, gari la kumchukua mzee likaja. Aliagana naye mlangoni. Mzee hakutaka kumtazama, alitazama majani.

Picha ilikuwa imeangushwa na upepo, imelala chali, kioo kimepasuka katikati na maji yamejaa ndani kama sahani.

Angeiacha. Mimi ningeiacha, nasema kweli. Akaimwaga maji, akaitazama, hakuona kitu kwa ajili ya mvua. Mbao zilikuwa nzito, na mikono na shingo havikumwitikia. Basi akatazama lile rundo, akafungua mkanda kwenye sanduku moja kuukuu, akaufunga kwenye fremu huku na huku, akageuka, akachuchumaa. Mkanda akaupitisha kwenye paji la uso. Hakuwahi kubeba hivyo maishani, mama yake alimkataza. Akainuka, na mwili, aliniambia, ukajua wenyewe la kufanya.

Akatembea hivyo mpaka stesheni. Akapanda treni hivyo, amesimama karibu na mlango, maji yanamtiririka, watu wakitazama simu zao kwa bidii isiyo ya kawaida.

Mimi jioni hiyo nilikuwa kwake. Nilipika pilau nikashuka na sufuria, kwa kuwa nilijua siku ile itakuwa nzito. Wamaitha alikuwa kwenye kochi na simu yake. Simu ya mama yake ilikuwa haipatikani, na saa ya kurudi ilikuwa imepita. Nilikuwa nimeshaanza kusoma dua zangu chini kwa chini, mlango tumeuacha wazi kwa ajili ya joto lililobaki baada ya mvua.

Kisha mlango ukawa na mtu. Sikumjua mara moja. Niliona kitu kikubwa cheusi mgongoni, mkanda, na kichwa kilichoinama, maji yakidondoka kwenye kizingiti. Hakusema kitu. Alisimama tu.

Nami na mdomo wangu wa Kibokoni nikaanza. "Subhanallah! Mama Wamaitha, kwema? Umetoka wapi hivyo, mbona simu yako haipatikani, na hicho ni nini—"

Hakunijibu. Hakuinua hata jicho.

Simu ikaanguka sakafuni. Wamaitha alinipita, akanigonga bega wala hakuomba radhi, akamzunguka mama yake, akapiga goti moja nyuma yake na kuiinua ile fremu kwa mikono miwili mpaka mkanda ukalegea.

"Nimeshika, Mum," akasema. "I've got it. Wacha."

Mkanda ukatoka kwenye paji. Kichwa kikainuka polepole, kikiuma. Abigail akatutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeamshwa.

"Hamjambo," akasema.

Tukailaza picha mezani, juu ya taulo. Hapakuwa na picha. Mlima ulikuwa umeteremkia mashambani, mashamba yameingia nyumbani, na pale mbele kulia palikuwa na doa la kahawia tu, halina kuni, halina mkanda, halina mtu. Mlango peke yake ndio uliobaki, mweusi vilevile. Abigail aliweka kidole kwenye lile doa kikatoka na rangi.

Ndipo akalia. Nimejuana naye miaka, nimemwona akizika wazee aliowapenda, sikuwahi kumwona akilia. Alilia kwa sauti, amekaa kwenye kiti na sare yake ya kulowa, mikono imefunguka mapajani.

"Nilitaka umwone," akamwambia Wamaitha. "Mara moja tu. Nilikuwa naosha mtu. Singeweza kumwacha. Nilitaka tu umwone."

Wamaitha hakuwa anaitazama meza. Alikuwa anautazama uso wa mama yake, mahali mkanda ulipokaa. Ulikuwa umeacha mstari mwekundu, umezama kutoka sikio hadi sikio. Akanyoosha kidole, akakilaza ndani yake. Kililala.

"Si nimemwona," akasema. "Just now, Mum. Hapo mlangoni."

Abigail akaushika ule mkono, akaubakiza pale pale kwenye paji. Akafumba macho. Niliteremsha sufuria, nikapakua, nikarudi na sahani, nikakuta ameshalala hapo hapo kitini, mdomo wazi. Jioni ile ilikuwa ya ofisi za mjini. Nilimpigia mkubwa wake nikamwambia Abigail ana homa kali, na uongo huo sijautubia.

Nilitaka kumwamsha abadili nguo, Wamaitha akanizuia kwa mkono. Akamletea blanketi, akamfunika, kisha akaketi sakafuni mbele yake, ameuelekeza uso juu. Akaangalia ule mstari ukififia mpaka paji likawa laini tena.